Kabla ya asilimia, angalieni kilo: kupima ubora wa huduma za watoto kwa mfumo wa kompyuta

Kila mwezi takwimu za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) kutoka zahanati na vituo vya afya vya Mwanza huingizwa kwenye DHIS2, programu ya kukusanyia takwimu hizo. Zinaonyesha watoto wangapi walitibiwa nimonia, malaria au kuhara. Hazionyeshi kama mtoto alihesabiwa pumzi, kama dozi ililingana na uzito wake, wala alikaa muda gani kabla ya kuhudumiwa. Kuyajua hayo lazima urudi kwenye rekodi ya mtoto mmoja mmoja katika mfumo wa kompyuta wa kituo. Wenzetu wengi wakifika hapo huandaa orodha ya viashiria 30. Ushauri wetu ni kuanza na uzito.

Karibu kila dozi ya mtoto inategemea kilo zake. Mtoto wa kilo 8.2, kwa hesabu ya miligramu 15 kwa kilo, anahitaji paracetamol miligramu 123. Nukta ikirukwa, mfumo unasoma kilo 82 na hesabu inatoka 1,230. Kwa hiyo mfumo ulinganishe uzito na umri: mtoto wa miezi 9 akiandikwa chini ya kilo 4 au zaidi ya 15, aliyeandika aulizwe na mtoto arudishwe kwenye mizani. Kwa wachanga kosa hubadilika sura: mizani inasoma gramu, mfumo unataka kilo, na 2800 inaandikwa palipostahili 2.8.

Wengi hukimbilia kuifanya sehemu ya uzito iwe ya lazima. Kama mizani ni mbovu, au iko chumba cha kliniki ya mama na mtoto na tabibu yuko chumba kingine, mtapata watoto wa kilo 10 mfululizo. Sogezeni mizani kwanza. Kisha toeni uzito wote wa mwezi mmoja na mtazame tarakimu ya mwisho. Mizani inayosoma kwa hatua za gramu 100 ikitumika kweli, mtaona .3, .7, .4. Mkiona .0 kila mstari, uzito unakisiwa.

Pumzi nazo zichunguzwe hivyohivyo. Ukihesabu dakika nzima unapata 37, 43, 51. Namba zote zikigawanyika kwa 4, kuna mtu anahesabu sekunde 15 na kuzidisha. Si jambo dogo, kwa sababu mpaka wa kupumua haraka ni 50 kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa miezi 12 hadi 59. Akikosea pumzi moja tu katika sekunde 15, jibu linayumba kwa nne, na mtoto anapewa amoxicillin, dawa ya nimonia, bila sababu au ananyimwa akiwa anaihitaji.

Kilo zikishaaminika, pimeni dozi. Artesunate ya sindano, dawa ya malaria kali, ni mfano mzuri kwa ukanda wetu wa ziwa: mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kilo, na kuanzia kilo 20 ni 2.4. Chukueni miligramu zilizoandikwa kuwa zimechomwa, mgawanye kwa uzito. Mtoto wa kilo 11 anastahili 33. Akiandikiwa 26, kuna mtu anatumia hesabu ya watu wazima, na kosa hilo hujificha kwa sababu dawa imetolewa, kisanduku kimewekewa alama, na ripoti inasema mtoto alitibiwa.

Saa zinahitaji uangalifu wa pekee. Mama anafika na mtoto saa 4 asubuhi (10:00 kwa saa ya mashine), mapokezi wanaandika 04:00, na mfumo unajiandikia dozi ya kwanza saa 10:40. Mtoto aliyesubiri dakika 40 anaonekana amesubiri saa 6 na dakika 40. Pengo lolote linalozidi saa 6 kidogo lishukiwe kwanza kabla ya kumhoji muuguzi. Dawa yake ni kitufe cha "amefika" kinachochukua saa ya mashine, mtu asiandike chochote. Kwenye visiwa vya ziwa, ambako mtandao ukikatika rekodi huandikwa karatasini na kuingizwa jioni, wekeni nyakati mbili: wa huduma na wa kuingiza. Bila hivyo wagonjwa wote wa siku wataonekana wametibiwa magharibi.

Utambulisho wa mtoto ndio unaotusumbua zaidi. Kulwa na Doto ni mapacha: wana mama mmoja, simu moja, tarehe moja ya kuzaliwa. Mfumo unaounganisha rekodi zinazofanana utawafanya mtoto mmoja: rekodi itaonyesha chanjo ya Penta ya kwanza mara mbili, na Doto hayupo. Familia za wavuvi zina tatizo la upande wa pili. Mtoto anachanjwa Ukara, kambi inahamia Kome, laini ya simu inabadilika, na anasajiliwa upya. Ndiyo maana kituo cha mwaloni (wanakotia nanga wavuvi) kinaweza kuvuka asilimia 100 ya chanjo huku watoto wengine hawajaguswa: namba ya chini ya mgawanyo imehesabu wakazi, ya juu (waliochanjwa) imehesabu wapita njia pia. Ongezeni sehemu ya mpangilio wa kuzaliwa kwa mapacha, na kuunganisha rekodi kufanywe na mtu mwenye kadi ya kliniki mkononi.

Hapo sasa chagueni viashiria vichache: dalili za hatari zimeulizwa, oksijeni ya damu imepimwa kwa mwenye nimonia na aliye chini ya asilimia 90 amewekewa oksijeni, zinki na ORS (maji ya chumvi na sukari) kwa anayeharisha, sukari imepimwa kwa mwenye degedege, na mtoto aliyerudi ndani ya saa 72. Swali la degedege lisije limeshajibiwa "Hapana" na fomu yenyewe. Lisilojazwa libaki tupu, lihesabiwe peke yake.

Zahanati yenye watoto 9 wa nimonia kwa wiki iandike "7 kati ya 9", asilimia itawapotosha. Kwenye grafu chora nukta ya kila wiki na mstari wa kati, wenye nusu ya nukta juu yake na nusu chini. Nukta 6 mfululizo upande mmoja zinaonyesha kuna kilichobadilika. Picha za skrini zenye majina ya watoto zisitumwe kwenye makundi ya WhatsApp; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawalinda watoto pia.

Kila mwezi, mganga mfawidhi akae na muuguzi wa zamu, wachukue mafaili 20 bila kuchagua, walinganishe karatasi na mfumo kwa uzito, saa ya kufika, dozi na jina. Uzito ukitofautiana kwa zaidi ya mafaili 2, kiashiria cha dozi cha mwezi huo kisipelekwe kwenye kikao mpaka sababu ijulikane.