Mama ana kitochi Nansio, kaka yuko Manchester

SWALI: Shikamoo mama. Nasoma kompyuta, naishi Nyegezi. Kaka yangu yuko Manchester, na kila akitaka kuongea na mama yetu Nansio lazima apatikane jirani mwenye simu janja, maana mama ana kitochi. Nataka kujenga tovuti ambapo Mtanzania aliye nje anafungua kivinjari, anaweka salio, anapiga namba yoyote ya huku. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Anzia kwa mama yenu atakayepokea simu. Mimi nilipojenga huduma kama hiyo chumbani kwangu Kirumba, nilianza na vitufe vya kupigia, nikapoteza miezi.

Upande wa kivinjari hautakusumbua. WebRTC, teknolojia ya kupitisha sauti moja kwa moja kwenye kivinjari, ambayo Google waliiachia huru mwaka 2011, imo tayari ndani ya Chrome, Firefox na Safari. Tovuti iwe ya https tu, la sivyo maikrofoni haifunguki.

Kazi iko pale sauti inapotoka kwenye intaneti na kuingia mtandao wa simu. Hapo unahitaji lango la kugeuza WebRTC kuwa SIP, yaani lugha ambayo kampuni za simu hutumia kuunganisha simu za intaneti (programu ya Asterisk inatosha, nayo ni ya bure) na kampuni yenye leseni ya kukuuzia dakika za kuingia +255. Dakika hizo ndizo zitakazokula karibu pesa yako yote. Watakuja watu wenye dakika za bei ya kutupa. Nyingi hupitishwa kwenye laini za kawaida zilizochomekwa kwenye mashine ili kukwepa malipo ya mitandao, na hapa kwetu hilo ni kosa la jinai. Usiziguse, mwanangu. Nenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ukaulize habari za leseni kabla hujapokea shilingi ya mteja.

Simu yangu ya kwanza ya majaribio nilimpigia shangazi, hukohuko Nansio. Iliita mpaka ikakata. Aliona namba ngeni ya nje, naye alishachoshwa na matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Iliniuma, maana kila kitu kilikuwa kinafanya kazi isipokuwa mtu kupokea. Kwa hiyo mpigaji athibitishe namba yake kwa tarakimu za ujumbe mfupi, na namba hiyo ndiyo itokee kwa mama. Wakati mwingine hupotea njiani, basi kaka amtangulizie taarifa.

Pesa ianze kuhesabiwa simu ikipokelewa, si ikiwa inaita, na bei ya dakika ionekane kabla ya kupiga. Na funga nchi zote isipokuwa Tanzania. Mimi sikufunga. Usiku mmoja mtu alifungua akaunti kadhaa akapiga mfululizo namba za gharama kubwa za nchi za mbali, zile ambazo mwizi hugawiwa sehemu ya malipo. Alfajiri salio langu lote kwa muuza dakika lilikuwa limekwisha. Weka kikomo cha siku kwa kila akaunti, na simu moja kwa wakati mmoja.

Ukijaribu, kaka awe kwenye basi akitumia bando, asiwe kwenye intaneti ya waya ya ofisini. Sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, watu huanza kukatizana. Mama akilalamika "mbona huniachi nimalize", kagua seva yako umeiweka nchi gani.