Madogo wa bwawani, ukuta ndio unawanyima medali

Jumamosi nilikaa na watunza muda, nikaona madogo watatu wanaongoza mbio hadi chini ya zile bendera zinazoonyesha zimebaki mita tano kufika ukutani, halafu wanapitwa. Watatu! Walipotoka majini kila mmoja ana sababu yake, mara miwani imeingia maji, mara leni mbaya, mara yule mwenzangu kadanganya umri. Nikasema leo naandika, maana nikiongea pale bwawani mnaitikia "sawa kocha" huku akili iko kwenye chipsi.

1. Usiteleze kufika ukutani. Olimpiki ya Beijing 2008, baterflai (ile staili ya kurusha mikono yote miwili mbele kwa pamoja) mita 100, Milorad Čavić wa Serbia alikuwa mbele, akanyoosha mikono akaacha maji yampeleke, Michael Phelps wa Marekani akachomeka pigo moja fupi la mikono, akagusa kwa sekunde 50.58 dhidi ya 50.59. Hiyo mnaijua, video mnazo kwenye simu. Mnayoiruka ni London 2012, mita 200, pale Phelps ndiye aliyeteleza na Chad le Clos, kijana wa Durban mwenye miaka 20, akamaliza pigo lake vizuri, 1:52.96 kwa 1:53.01. Yaani mzee kaliwa kwa kosa lilelile alilomlia mwenzake miaka minne nyuma.

Sasa mimi. Nilikuwa najiona ndio Phelps wa Upanga, baterflai mita 100, mashindano ya klabu, naongoza tangu kugeuka mara ya kwanza. Mita za mwisho nikahesabu vibaya, pigo likaisha ukuta bado uko mbali, badala ya kuongeza jingine nikanyoosha mikono nikasubiri ukuta uje. Ukuta hauji, jamani. Jamaa wa leni ya pili akagusa. Hapo bado, aibu yenyewe inakuja, kwa sababu nilitoka majini nikipiga kelele nimeibiwa, saa zile za kubonyeza kwa mkono, mtunza muda kalala, na mama yangu, ambaye hata staili hazijui, akaenda mezani kwa marefa na mkoba wake kwapani kudai haki ya mwanawe. Marefa wakamsikiliza kwa adabu. Halafu shangazi mmoja, mtu mwema tu, akasema mbona mimi nimerekodi. Tukakusanyika kwenye kasimu kake watu kama kumi, mimi na taulo, mama pembeni, tunaniangalia nikielea kama gogo huku jamaa anapiga pigo lake la mwisho. Mama akafunga mkoba, akasema "twende nyumbani". Kuanzia Upanga hadi Ubungo ndani ya foleni hakuongea neno.

Dawa yake ndogo tu: mazoezini maliza kila urefu kama fainali, hata wakati wa kupasha misuli. Na baterflai ni mikono miwili ukutani kwa pamoja, ukigusa na mmoja unafutwa, sitakutetea.

2. Hesabu mapigo yako. Beijing hiyohiyo, mita 200, miwani ya Phelps ilijaa maji akawa haoni kitu, akaogelea kwa kuhesabu mapigo, akashinda na rekodi ya dunia 1:52.03. Wewe miwani ikiingia tone unasimama katikati ya leni. Bwawa letu la mita 25 unalimaliza kwa mapigo mangapi? Kama hujui, usinilalamikie miwani.

3. Usichungulie jirani. Iko ile picha ya Rio 2016, baterflai mita 200, Le Clos kageuza shingo anamtazama Phelps, Phelps anatazama mbele. Phelps dhahabu, Le Clos wa nne. Huyo ni bingwa wa Olimpiki na shingo ilimponza, sembuse wewe unayemtafuta baba jukwaani.

4. Chipsi mayai nusu saa kabla ya mbio, hapana. Aliyetapika leni ya tano anajijua.

5. Hii ya wazazi. Phelps alianza kuogelea akiwa na miaka 7, akaenda Sydney 2000 akiwa na 15, akawa wa tano, akarudi Marekani bila medali hata moja. Kocha wake Bob Bowman hakumfukuza wala mama yake hakumhamisha klabu. Sasa yule mama aliyenivuta pembeni juzi kuniuliza kama mwanawe wa miaka tisa atawahi Olimpiki ya 2028, mama, mtoto bado anaogopa kuruka majini kwa kichwa, hebu tuanzie hapo.