Daktari Yuko Mbali, Video Inakatika

SWALI: Zahanati yetu ya kijijini inashirikiana na chuo kikuu ili wagonjwa wamwone daktari bingwa kwa video. Picha hukatika na watu wanakata tamaa. Tufanyeje?

JIBU: Pimeni kasi ya intaneti ya kupakia (kutuma), si ya kupakua (kupokea) tu, wengi hukwama hapo. Video ya kawaida huhitaji takriban megabiti 1 kwa sekunde kila upande. Ikipungua, zimeni kamera mbaki na sauti.

Kwa magonjwa ya ngozi na vidonda, msing'ang'anie video. Picha tulivu humfaa bingwa zaidi: moja ya mbali, moja ya karibu yenye rula kando, kwenye mwanga wa mchana. Ambatanisheni shinikizo la damu, joto la mwili na dawa anazotumia mgonjwa. Aridhie kwanza, na picha zisibaki kwenye simu ya mtu binafsi.

Mkataba utaje nani chuoni atajibu, na ndani ya saa ngapi, hata wakati wa likizo. Ombeni pia mafunzo. Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, kilianza mwaka 2003 kuwaongoza wahudumu wa vijijini kwa video kutibu homa ya ini aina ya C, nao wakaweza kuwatibu wagonjwa wao hukohuko vijijini.