Maswali ya Wasomaji: Nchi ya kisiwa itaachaje kuuza uraia wake?

SWALI: Assalamu alaikum, Mhariri. Ninafundisha Jiografia kidato cha tatu hapa Wete, Pemba. Tulipokuwa tukijadili nchi zinazotegemea zao moja, mwanafunzi wangu mmoja alitaja St Kitts na Nevis, nchi ya visiwa viwili katika Bahari ya Karibi, akasema amesikia kwamba inaendeshwa kwa fedha za kuuza uraia. Akauliza: ikitaka kuacha, itakula nini? Sikuwa na jibu la kuniridhisha mimi mwenyewe, seuze yeye. Naongeza la kwangu: mke wangu ana asili ya Ngazija, na kwao habari za pasipoti za Komoro bado zinaumiza. Je, mambo haya mawili ni mamoja?
*Mwalimu, Wete*

JIBU: Waalaikumu salaam, Mwalimu. Mwanafunzi wako ameliuliza swali lake mahali panapostahili, kwa kuwa habari ya nchi hiyo kweli ni habari ya zao moja lililong'olewa na jingine likapandwa palepale.

St Kitts na Nevis ina eneo la kilomita za mraba 261, takriban robo ya Pemba, na watu wasiofika 55,000. Kwa zaidi ya karne tatu kisiwa cha St Kitts kiliishi kwa miwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilijengwa reli nyembamba ya kupeleka miwa kiwandani katika mji mkuu, Basseterre. Mwaka 2005 serikali iliifunga sekta ya sukari baada ya hasara za miaka mingi, na leo mabehewa yanayopita juu ya reli hiyo yanabeba watalii walioshuka melini, wakitazama mabonde ambayo zamani yalikuwa miwa mitupu.

Sheria ya kumpa uraia mgeni anayetoa fedha ilikuwapo tangu 1984, mwaka mmoja baada ya uhuru, lakini ilikuwa na wateja wachache. Sukari ilipokufa, mwaka 2006 uliundwa mfuko wa kuwasaidia waliopoteza kazi mashambani na kutafuta shughuli nyingine za uchumi, na wanunuzi wa uraia wakaelekezwa kuuchangia. Kufikia 2013, fedha zilizoingia mikononi mwa serikali na mifuko yake kutokana na uraia zilikaribia asilimia 25 ya pato la taifa. Sioni haki kuwalaumu watu wa visiwa hivyo kwa kushika walichokiona mbele yao, ilhali mamia ya familia yalikuwa yamepoteza riziki kwa mkupuo mmoja.

Hatari imo katika bidhaa yenyewe. Mnunuzi hatafuti kuishi Basseterre. Wengi wao hununua mlango wa kuingilia nchi nyingine bila viza, na ufunguo wa mlango huo hauko mikononi mwa muuzaji. Novemba 2014 Kanada iliwarudishia raia wote wa St Kitts na Nevis sharti la viza, ikieleza wasiwasi wake juu ya namna uraia ulivyokuwa ukitolewa. Zilikuwapo pasipoti zilizotolewa bila kuonyesha mahali alipozaliwa mwenyewe, na serikali ikalazimika kuziita zirudishwe zibadilishwe. Mfikirie mama aliyezaliwa pale na kuzeekea pale, mwenye binti Toronto: ghafla anatakiwa kujaza fomu, kulipa ada na kusubiri ruhusa ya kwenda kumwona mjukuu, kwa biashara ambayo hakuifanya. Iliyofanya Kanada, wengine nao waliyafanya kwa nchi nyingine zinazouza uraia. Mwaka 2023 Uingereza ilizidai viza Dominica na Vanuatu, na Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliwafutia kabisa raia wa Vanuatu ruhusa ya kuingia bila viza.

Ninyi Wapemba mnalielewa jambo hili kuliko wengi. Indonesia ilipojitosheleza kwa karafuu, mikarafuu yenu haikubadilika hata jani, lakini bei ilianguka.

Sasa, itakula nini? Kwanza nisingeshauri kufunga duka kesho asubuhi, kwa sababu shule na hospitali zitaanguka pamoja nalo. Hatua ya kwanza ni ya kihasibu, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito kuliko zote: fedha za uraia zitolewe katika bajeti ya matumizi ya kawaida. Mishahara ya walimu na wauguzi, ambayo hulipwa kila mwezi bila kukosa, isimame juu ya kodi, ambayo nayo hukusanywa kila mwezi. Fedha za uraia, ambazo huja kama samaki wa msimu, zilipe madeni, zijenge vitu vinavyodumu, na zinazobaki ziwekwe akiba nje ya nchi chini ya sheria inayomzuia waziri kuzichota uchaguzi unapokaribia. Nchi hiyo imewahi kuonyesha kwamba inaweza: mwaka 2010 deni lake lilizidi asilimia 140 ya pato la taifa, na kwa kukubaliana upya na wadai, zikisaidia fedha hizo, lilishuka sana katika miaka iliyofuata.

Ugumu uko kwenye kodi. St Kitts na Nevis haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi. Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza 2010 tu, na wawekezaji wa hoteli wamezoea misamaha mirefu. Fedha za uraia zikiwa nyingi, hakuna mwanasiasa anayetaka kumwambia mwananchi achangie, na mwananchi asiyechangia hana sababu ya kuuliza fedha zimekwenda wapi. Hapo ndipo utegemezi unapoota mizizi. Ningeanza na misamaha ya hoteli kabla ya kugusa mfuko wa mfanyakazi.

Upande wa matumizi, mzigo mkubwa ni dizeli inayoagizwa kutoka nje kwa ajili ya umeme. Visima vilivyochimbwa Nevis mwaka 2008 vilithibitisha kuwa chini ya kisiwa hicho cha volkano kuna mvuke wa kuzalisha umeme. Kama kuna mahali pa kuzika fedha za uraia, ni hapo, maana umeme huo utabaki hata mnunuzi wa mwisho akishaondoka.

Nchi jirani zenye biashara hiyo nazo zilikuwa zikishindana kushusha bei, nyingine hadi dola 100,000. Machi 2024 nne kati ya nchi tano za Karibi zinazouza uraia, St Kitts na Nevis ikiwamo, zilikubaliana isipungue dola 200,000. Ni jambo jema, lakini bei ikipanda wateja hupungua, na bajeti iliyojengwa juu yao hutikisika.

Kuhusu Komoro, mzizi ni mmoja ila mambo si mamoja. Sheria ya 2008 ilikusudiwa zaidi kuwapa pasipoti watu wasio na utaifa waliokuwa Ghuba, kwa makubaliano ya serikali kwa serikali, nao wengi hawakuwahi kuviona visiwa hivyo. Uchunguzi wa bunge uligundua fedha nyingi hazikufika hazina, na mwaka 2022 rais wa zamani, Ahmed Abdallah Sambi, alihukumiwa kifungo cha maisha katika kesi ambayo mawakili wake waliipinga. Shemeji zako wana haki ya kuumia: St Kitts angalau ina barabara ya kuonyesha kwa fedha zake.

Mwambie mwanafunzi wako atafute bajeti ya St Kitts na Nevis, aweke jumla ya kodi upande mmoja na jumla ya mishahara na riba upande wa pili, kisha alinganishe mwaka hadi mwaka.