Helikopta ikizima injini hewani

SWALI: Habari za kazi. Nimesikia juu ya helikopta ya mafunzo iliyoanguka kwa hitilafu ya mitambo, ndani wakiwa mwanafunzi na mwalimu wake. Ndege ya mabawa injini ikizima huelea hadi ipate pa kutua. Helikopta si hudondoka kama dafu? Na mwalimu alikuwa pembeni, mbona hakuokoa?
Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Haidondoki, ila mwalimu hapewi muda wa kufikiri. Kati ya injini na panga kubwa la juu kuna klachi ya upande mmoja, kazi yake kama friwili ya baiskeli: ukiteremka kutoka Newala kuelekea bonde la Ruvuma ukaacha kupiga pedeli, gurudumu linaendelea. Injini ikifa, panga huachiwa, na hewa inayopanda kutoka chini ndiyo inayolizungusha.

Sharti ni kushusha papo hapo wenzo wa mkono wa kushoto, mapanga yalale bapa. Ukichelewa, yanajikaba yenyewe. R22, kahelikopta ka viti viwili kanakotumika sana kufundishia, ina panga jepesi lisilotunza nguvu, kwa hiyo muda huo ni kama sekunde moja. Mzunguko ukishuka chini ya asilimia 80 ya ule wa kawaida, mapanga hayashiki tena hewa, na hapo hata mwalimu hodari hana la kufanya.

Akiwahi, hushika mwendo wa noti 65, yaani kama kilomita 120 kwa saa, na mzunguko kati ya asilimia 97 na 110. Kutoka futi 500 ana sekunde 20 hivi, na hafiki zaidi ya mita 600 mbele. Kuruka chinichini juu ya minazi na mikorosho iliyoshonana, basi, ni kujitafutia balaa. Futi 40 kutoka ardhini huinua pua kuvunja mwendo, futi 8 huisawazisha, kisha huvuta wenzo juu. Mara moja tu. Nguvu ya pili haipo.

Panga la mkia, lile linalozuia mwili wa helikopta usizunguke, likifa ni habari nyingine. Kwenye R22 pua hugeuka kulia kwa nguvu, na dawa ni kuiondoa nguvu ya injini kwa makusudi. Kuvuta wenzo juu, jambo ambalo mkono wenye hofu hutaka kulifanya, kunazidisha kuzunguka.

Kuna na mikanda: nguvu ya injini ya R22 hupita kwenye mikanda miwili ya mpira. Harufu ya mpira unaoungua, au taa ya klachi (si ile ya upande mmoja, ni hii inayokaza mikanda) inayowaka isizime, maana yake ni kutua sasa hivi, somo liishe lisiishe.

SWALI: Mimi fundi pikipiki. Eti kabureta ya helikopta huganda barafu? Kwa joto hili la Lindi?

JIBU: Huganda, fundi. Petroli ikigeuka mvuke na hewa ikipita penye koo jembamba, joto la ndani laweza kushuka nyuzi 30, na hewa yetu ya pwani imejaa unyevu. Hatari huzidi nguvu ikipunguzwa, kama katika zoezi la kushuka bila injini. Tena gavana, kifaa kinacholinda mzunguko usishuke, hufungua mafuta yenyewe, hivyo rubani haoni nguvu inavyopungua. Kabla ya kupunguza, avute joto la kabureta, yaani wenzo unaoingiza hewa ya moto humo. Shinikizo la manifodi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini, likiwa chini ya inchi 18 za zebaki, asiiamini geji ya joto: avute lote.