Ada ya daktari na kuacha sigara

Kaka, umeuliza kama kumlipa daktari ada ya kila mwezi kunasaidia kuacha sigara. Mimi kumenisaidia, maana sikusubiri nipate hela ndipo nimwone. Siku ya 3 tangu niache, hapa Moshi, nimeshika kikombe cha kahawa, mkono ukaenda wenyewe mfuko wa shati kutafuta pakiti. Nikampigia. Akasema hamu ikipanda hudumu dakika chache tu, ninywe maji, nitembee. Nikazunguka mnara wa saa mara mbili, ikapita. Siku hizo za mwanzo arosto, yaani mateso ya mwili kukosa nikotini, ni kali kweli. Muulize mapema kuhusu vibandiko vya nikotini, vile vya kubandika kwenye ngozi kupunguza hamu, na kama ada inalipia dawa pia. Kahawa nayo punguza: ukiacha sigara, kafeini hukaa mwilini muda mrefu zaidi.