Una asubuhi moja Entebbe kabla ya meli? Tembea

Juzi nilipata ujumbe wa dada mmoja anayefundisha Kampala. Mwezi ujao anawapeleka wakwe zake visiwa vya Ssese katika Ziwa Victoria, watu wa Tanga ambao hawajawahi kukanyaga Uganda, na wanataka kupanda meli ya MV Kalangala pale gatini Nakiwogo, Entebbe. Watalala Entebbe usiku wa kuamkia safari, kwa hiyo wana asubuhi nzima. Kuna jamaa kawaambia atawatembeza mjini kwa bei ambayo nikiitaja mtasema nazua. "Dada," akaniandikia, "tumlipe huyu au tujitembelee wenyewe? Na baba mkwe goti lake si zima."

Nilimpigia simu tukazungumza. Lakini swali lake nalipata kila likizo zikikaribia, na kila mara linaniuma mahali pale pale, kwa hiyo leo naliandika.

Jibu langu ni hili: igaweni asubuhi yenu. Kwenye bustani na barabara za juu, tembeeni wenyewe. Mwaloni Nakiwogo, pale mitumbwi ya wavuvi inapotua, chukueni mtu anayejulikana pale. Anayetaka mlipie yote mawili hajui kazi yake, au anaijua vizuri sana ila anawaona nyinyi hamjui kitu.

Wenzetu wa Mombasa na Unguja wameshazoea. Meli kubwa ya watalii inatia nanga asubuhi, watu wanamwagika mjini, jioni honi inalia na asiyefika anabaki. Sisi huku hatuna meli za ghorofa kumi, lakini hesabu ni ile ile: mgeni ana saa chache, mji hajaujua, na chombo hakimsubiri mtu. Tofauti ni kwamba wao wameshajifunza kuuza matembezi ya miguu. Entebbe bado tunaambiwa mji huu ni wa kupita ukielekea uwanja wa ndege.

Mimi ni mtoto wa Kitoro, mtaa wa soko hapa Entebbe. Mama alikuwa akinunua mukene, yaani dagaa, Nakiwogo na kuuza kwa vikombe sokoni. Baba aliendesha malori ya Mombasa, naye ndiye aliyetuletea Kiswahili nyumbani, wakati majirani wengi walikiona ni lugha ya askari na ya wezi. Nilichekwa shuleni kwa ajili ya Kiswahili hicho. Leo ndicho kinacholipa ada za wanangu, na sioni haya kulisema hilo kwa sauti.

Nilipoanza kazi ya kuongoza wageni niliajiriwa na kampuni moja ya utalii, jina silitaji. Utaratibu wao ulikuwa gari. Mgeni anachukuliwa hotelini, anashushwa bustanini, anapiga picha mti mmoja, anapakiwa tena. Anapelekwa duka la vinyago ambako dereva ana chake, kisha chakula cha hotelini, kisha anaachwa getini Nakiwogo dakika za mwisho, jasho linamtoka, hajui hata upande gani wa ziwa anaondokea. Akiulizwa kwao Entebbe ikoje, atasema ni joto na vinyago.

Siku moja gari liliharibika nikiwa na mume na mke wazee kutoka Moshi. Nikawauliza kama wanaweza kutembea. Yule mama akaniambia, "Mwanangu, mimi nimelima kahawa mlimani miaka yote hii, unaniuliza kutembea?" Tukaenda kwa miguu kutoka bustanini hadi Nakiwogo, tukisimama njiani kunywa chai, na tukafika mapema kuliko gari lilivyowahi kufika. Wakaiandikia kampuni barua ya kunisifu. Mwenye kampuni aliisoma mbele yangu, akaikunja, akasema, "Miguu haileti risiti." Baada ya hapo simu yake haikuita tena kwangu. Hakunifukuza, maana kumfukuza mtu ni lazima useme kitu. Aliacha tu kuniita.

Niliumia, na bado naumia nikiona gari lao pale bustanini. Lakini wale wazee wamenitumia wageni mpaka leo, shangazi kwa mpwa, na kazi yangu yote nimeijenga kwa ile njia ambayo mwenye kampuni aliidharau.

Sasa twende kwenye njia yenyewe.

Kwanza saa. Kwa kawaida meli inaondoka Nakiwogo saa nane mchana, na kufika Lutoboka kisiwani Bugala inachukua kama saa tatu na nusu. Thibitisheni siku moja kabla, kwa sababu chombo huenda kwenye matengenezo na ratiba hubadilika. Lakini saa nane ni saa ya kamba kufunguliwa. Watu wanapanga foleni mapema na magodoro yao, kreti za soda, kuku na watoto, na Ijumaa nafasi huisha mtu akitazama. Basi hesabuni kinyumenyume: saa saba kasoro muwe getini na tiketi mkononi, saa sita muwe mnatoka Kitoro, saa nne na nusu muwe mmemaliza bustani. Mkipanga kuanzia mwanzo kwenda mbele, bustani itawala muda wote. Nimeona watu wazima wakikimbia barabara ya Nakiwogo na masanduku ya magurudumu. Pangeni kinyumenyume.

Bustani ya mimea ya Entebbe ilianzishwa 1898, ina hekta kama arobaini, na inateremka mpaka ziwani. Nendeni asubuhi, jua halijakaza. Getini mtakutana na vijana wanaotoa huduma ya kuwaongoza. Ni vijana wazuri, na kama mnapenda majina ya miti mchukueni mmoja. Lakini familia inayotaka kutembea na kuzungumza haihitaji mtu wa kuwaambia huu ni mvule. Fuateni njia inayoingia kwenye kile kipande cha msitu, msimame kimya. Mbega weusi kwa weupe wako juu, mikia inaning'inia, na hondohondo wakiruka mtasikia mbawa zao kabla ya kuwaona. Baba mkwe akae kwenye nyasi upande wa ziwa. Msimvue viatu akanyage maji, hata kama watoto wa pale wanaogelea: kichocho kipo ziwani, na hakitofautishi mgeni na mwenyeji.

Mkiwa na watoto wadogo, kituo cha wanyama cha UWEC hakiko mbali na bustani. Kilianza 1952, na ndani mtamwona korongo-nyangumi kwa karibu, ndege ambaye watu wanavuka mabara kumtafuta kwenye kinamasi cha Mabamba ng'ambo ya ghuba. Lakini hapo ni bustani au wanyama. Mkifanya vyote viwili mtafanya vibaya vyote viwili.

Halafu pandeni mjini polepole. Barabara za juu zina kivuli na nyumba za zamani za serikali, kwa sababu Entebbe ndiyo iliyokuwa makao ya utawala wa Waingereza, na ofisi kadhaa za serikali hazijahama mpaka leo. Hapa nawaomba sana: simu mfukoni mkipita karibu na Ikulu. Kila mgeni huniuliza pia kuhusu uwanja wa ndege wa zamani, ule ambao makomando wa Israel waliwakomboa mateka usiku wa kuamkia Julai 4, 1976. Huko si mahali pa kutembea. Anayewaahidi kuwaingiza kwa sababu ana jamaa yake getini anawatafutia kesi.

Kitoro kuleni. Msisubiri chakula cha melini. Chukueni rolex ya moto, mayai mawili na chapati, nyanya na kitunguu vikatwe mbele yenu, au mkae kwa mama wa matooke, zile ndizi za kupika, mle kwa utulivu. Mzee mwenye goti apande bodaboda kutoka hapa, mkubaliane bei kabla hajapanda, na wengine mshuke kwa miguu. Kwa mwendo wa kawaida haichukui saa nzima. Njiani mtapita taasisi ya utafiti wa virusi, iliyoanzishwa 1936 kuchunguza homa ya manjano. Watafiti wake ndio waliovigundua virusi vya Zika mwaka 1947, kwenye msitu wa Zika kando ya barabara hiyo hiyo mliyojia kutoka Kampala. Wageni wangu wengi walilisikia jina la Zika kwenye habari za Brazil. Nikiwaambia limetoka hapa, wanasimama.

Na sasa mwalo. Hapa ndipo nasema toeni pesa.

Nakiwogo ni mahali pa kazi. Mitumbwi ya mbao inavusha watu Buwaya, mingine inaingia na samaki, malori yanarudi nyuma bila kutazama, askari wanapita na hawataki kupigwa picha. Mukene wameanikwa chini juu ya nyavu, na mwanamke anayewageuza kwa ufagio ameamka usiku kwa ajili yao. Mgeni asiyejua anawakanyaga huku akitafuta pembe nzuri ya picha. Nimeshuhudia, na nimeona sura ya yule mwanamke. Ilikuwa sura ya mama yangu.

Mkiingia na mtu anayejulikana, mambo ni mengine. Anatangulia kusalimia, oli otya nnyabo, anasema hawa ni wageni wangu, na mnakaribishwa. Mtu wa mwalo atawaonyesha sangara akipasuliwa, na mtaona jambo ambalo hakuna gari la watalii linaloonyesha: mnunuzi haangalii minofu kwanza. Anaingiza mkono, anavuta bondo, ule mfuko mweupe wa hewa ulio ndani ya samaki, analipangusa, anaupima unene wake kwa vidole viwili na kuuinua kwenye mwanga. Bondo hilo likikaushwa linasafiri mpaka China, na kilo yake ni ghali kuliko kilo ya nyama ya samaki mwenyewe. Hapo baba mkwe wa Tanga, mtu wa pwani aliyekua na samaki, atasahau goti. Ataanza kuuliza maswali, na atajibiwa kwa Kiswahili, kwa sababu mwaloni kuna watu wa kila kabila na Kiswahili hapo hakichekwi.

Waulizeni pia kuhusu mwaka 2020. Ziwa lilipanda mpaka mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, juu ya rekodi ya 1964, na mialo mingi ikaingia maji. Wenyeji wana mahali pa kuwaonyesha kwa kidole maji yalipofika. Nambari mtaisoma popote, ila kile kidole hamtakipata bila mwenyeji.

Mtu huyo mtampataje? Ulizeni mlikolala, ulizeni mwenye duka, mwambieni mnataka mtu wa Nakiwogo, aliyekulia mwaloni. Mkubaliane bei ya kundi zima, si ya kila kichwa, na mlipe yeye mwenyewe mkononi. Wale mama wa mukene wakiwaonyesha kazi yao, nunueni vikombe viwili. Mpiga picha mwenye adabu huomba kwanza, na akikataliwa anashukuru.

Ndugu zangu, tuache tabia hii ya kuamini kwamba kitu kizuri ni kile kilicholipiwa ghali na kupandiwa gari. Tunasafiri kutoka Arua, Mbale, Tanga, Kisumu, tunafika kwenye mji wenye historia yote hii, tunakaa kwenye gari tukichezea simu tukisubiri meli. Halafu mgeni kutoka Ulaya anatembea na ramani yake, anarudi kwao anajua Entebbe kuliko sisi. Haiwezekani. Miguu tunayo, lugha tunayo. Shukeni garini.

Nakwambia na wewe kijana unayetaka kazi hii: usiogope kumwambia mgeni, "Hapa hunihitaji, nenda mwenyewe, tutakutana Kitoro saa tano na nusu." Utapoteza pesa ya asubuhi hiyo, ila mgeni huyo atakurudia na ndugu zake. Waliokuita kwa sababu ya risiti wataacha kukuita, na utaishi.

Kigungu nimeiacha makusudi. Ni mahali walipotua Padri Lourdel na Bruda Amans tarehe 17 Februari 1879, wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki kufika Buganda, na wanaotaka kwenda kusali ni wengi. Lakini iko mwisho wa rasi, ng'ambo ya uwanja wa ndege, na asubuhi ya meli haiitoshi. Iwekeni siku ya kurudi: meli hutoka Lutoboka saa mbili asubuhi, mnashuka Nakiwogo kabla ya saa sita, mnachukua bodaboda au taksi, na mchana wote ni wenu.

Melini, ulizeni jaketi za kuokoa maisha ziko wapi kabla hamjakaa. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama upande wa Mukono na watu zaidi ya thelathini wakafa, na tangu siku hiyo mimi sikai kabla sijaiona yangu.

Na dada, uliuliza kama ni aibu kwa wakwe kutembezwa kwa miguu badala ya kukodiwa gari. Wabebeeni mizigo, mpeni mzee bodaboda na mama kivuli cha kupumzikia, wala hakuna atakayeona aibu. Yule jamaa na bei yake mwambieni asante, mmeshapata mtu.